Mwaka Mikono ya Malsuk Ilipogoma

Kwenye banda letu la kufungua chaza kila mwanamke ana mahali pake pa kusimama mezani, na hapo hahami mpaka augue, ahamie mji mwingine, au afe. Mimi, Mama Taewon, nilisimama kushoto kwa Tak Malsuk kwa miaka kumi na saba. Kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe baadaye. Ameniruhusu niyasimulie, ila alinikataza jambo moja.

"Usiseme nilikuwa mpole," aliniambia. "Watu wakishaugua wote wanageuzwa wapole."

Hakuwa mpole. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake iliipiku redio ya bandani, ambayo Mama Chu, mwenye banda, huifungulia mpaka mwisho. Alizaliwa binti wa tano, na wazazi wake, waliokuwa wamechoka kupata mabinti, wakampa jina lenye maana ya "wa mwisho." Aliyemfuata akawa binti vilevile. Hadithi hiyo alikuwa akiisimulia yeye mwenyewe, na kila mara alicheka kabla hajafika mwisho.

Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mtu yeyote pale. Unachomeka kisu kwenye ubavu wa gamba, unakizungusha kidogo, gamba linaachia, nyama inadondokea kwenye beseni. Mimi nikifungua watatu, yeye tayari yuko kwa wa tano, na mdomo haujatulia hata dakika moja.

Nyumbani alikuwa na mume, Gangsik, mtu wa maneno machache, dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, gatini. Walikuwa na binti mmoja, Hyeonju, aliyefanya kazi kwa daktari wa meno huko Changwon na alikuwa amekwisha kuchumbiwa. Na alikuwapo mama mkwe.

Miaka ishirini ya kwanza bibi yule alimtesa kwa maneno. Leo supu ina chumvi, kesho supu haina chumvi. Umezaa mmoja tu, na huyo mmoja ni wa kike. Malsuk alikuwa akijibu, tena kwa sauti, na majirani wote wa ule mtaa wa mteremkoni walijua siku ambazo nyumba ile haina amani. Kisha akili ya bibi ikaanza kupotea. Alificha wali mfukoni, akatoka barabarani na nguo za kulalia wakati wa theluji, akawasha jiko akaliacha. Kwa miaka tisa Malsuk alimwogesha, akamlisha, akambadilisha nguo, kisha alfajiri akaja bandani kusimama saa tisa nzima.

Miaka miwili ya mwisho bibi hakumjua tena mkwe wake. Alimwita "Mama." Mama, nina njaa. Mama, usiende. Malsuk alituletea hayo bandani kama kichekesho.

"Jana nimepata mtoto," alisema asubuhi moja. "Ana miaka themanini na mbili na meno mawili."

Tulicheka mpaka tukaacha visu.

Bibi alifariki mwishoni mwa Septemba, wiki mbili kabla ya msimu wa chaza kuanza. Msibani kila mtu alimshika Malsuk mkono akamwambia maneno yaleyale: sasa utapumua, sasa utalala usingizi wako. Na mimi nilimwambia hivyo. Alitikisa kichwa, akaendelea kugawa supu kwa wageni.

Msimu ulipoanza alikuja kazini kama kawaida, amefunga kitambaa kichwani na buti zake za mpira miguuni. Siku za kwanza sikugundua kitu. Kisha nikaanza kusikia redio, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu wa kulia kwangu hasemi.

"We Mama Hyeonju, umemeza ulimi?" aliuliza mmoja ng'ambo ya meza.

"Amepata bwana," akasema mwingine. "Mwanamke akinyamaza ghafla hivyo, ni bwana."

Zamani angewajibu kwa tusi ambalo tungelirudia wiki nzima. Safari hii alisema tu, "Nimechoka kidogo." Akaendelea kufungua. Nikahesabu kwa jicho: mimi watatu, yeye watatu. Mwisho wa Novemba mimi watatu, yeye wawili.

Mimi nilidhani ni umri. Alikuwa na miaka hamsini na minne, hedhi ilikuwa imekatika mwaka uliotangulia, na sisi wote tulipitia hapo: joto linalopanda usoni, usingizi mwepesi, hasira bila sababu. Nilimpelekea dawa ya mizizi niliyotumia mimi. Aliniambia asante. Baadaye niliikuta dirishani kwake, haijafunguliwa.

Mwezi wa Desemba ni wakati wa kutengeneza kimchi ya mwaka, kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili. Sisi wanawake kumi na mmoja wa bandani huzungukiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na nyumba ya Malsuk ndiyo tuliyoipenda kuliko zote, kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha wengi wetu kuchanganya pilipili na chaza wabichi bila kimchi kuchacha mapema. Tulipofika uani kwake kabichi mia moja zilikuwa zimekwisha lala kwenye chumvi tangu jana yake. Malsuk alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni kubwa, glavu mikononi, pilipili imemwagwa, vitunguu saumu vimetwangwa. Akatutazama.

"Baada ya hapa kinafuata nini?" akauliza.

Tukacheka. Tulidhani anatuchezea, kama mwalimu anayewapima wanafunzi.

"Kinafuata mchuzi wa dagaa, mwalimu!" mmoja akajibu.

Malsuk hakucheka. Aliweka mikono mapajani, na pilipili ikachuruzika kwenye suruali yake.

"Sikumbuki," alisema. "Nimekaa hapa tangu asubuhi na sikumbuki. Nendeni nyumbani."

Hatukwenda. Tulitengeneza ile kimchi sisi wenyewe, kwa sauti za chini, naye akaingia ndani akalala na nguo zake za kazi. Kabichi ishirini hivi ambazo hatukuzimaliza zilibaki uani bila mwenyewe, zikaoza hapohapo, na hakuzitoa. Kwa mtu aliyemjua Malsuk, kabichi zile ziliogopesha kuliko ule ukimya.

Gangsik alianza kumzungusha kwa waganga. Wa kwanza alikuwa mzee wa dawa za asili, aliyemshika mkono akasikiliza mapigo, akasema ini limejaa joto, akamchoma sindano nyembamba kifuani na miguuni. Wazee wetu wana jina la maradhi hayo. Huyaita ugonjwa wa moto, maradhi ya mwanamke aliyemeza hasira muda mrefu mpaka ikamkaa kifuani kama jiwe. Malsuk alikubali kwamba jiwe lipo. Alilionyesha mahali lilipo, chini kidogo ya shingo. Sindano zilimpa nafuu ya siku mbili.

Baadaye akaanza kusema tumbo halipokei chakula, na kweli alikuwa amepungua kilo saba. Hospitalini wakampitisha kamera tumboni. Daktari akasema tumbo lake ni zima kama la msichana, akaandika barua ya kumpeleka kwa daktari wa akili. Malsuk aliichana barua ile ndani ya gari, kabla hawajatoka kwenye maegesho.

"Unataka watu waseme mama yake Hyeonju ni kichaa?" alimwambia mumewe. "Wakwe watasikia."

"Nani atawaambia?"

"Watu wanajua kila kitu."

Gangsik hakubishana. Si mtu wa kubishana, na nadhani moyoni alikuwa na nafuu kwamba barua imechanika.

Mwaka mpya wa jadi ukafika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwandalia marehemu bibi meza ya ibada, ile ya vyakula ambayo jamaa huinama mbele yake kumkumbuka aliyekufa, na kwa desturi ya nyumba ile Malsuk hupika siku mbili mfululizo. Safari hii Gangsik alinunua vyakula sokoni, akavipanga mezani mwenyewe, samaki ameelekea upande usio wake na matunda yamechanganyika. Mchana wifi yake Malsuk, Sunnye, aliwasili kutoka Busan na mumewe. Nilikuwapo, nimepeleka keki za mchele. Sunnye aliitazama meza kabla hajavua koti.

"Hivi ni vya dukani?"

"Mama Hyeonju hajisikii vizuri," alisema Gangsik.

Sunnye akafungua mlango wa chumba. Malsuk alikuwa amelala amegeukia ukuta.

"Wifi. Mama hajatimiza hata mwaka kaburini, unampa vya dukani?" Malsuk hakugeuka. Sunnye akaendelea, sauti imepanda. "Ulimtunza mama yangu, nakushukuru, nimekushukuru mbele za watu. Lakini sasa unaumwa nini? Mzigo si umetuliwa! Mimi nina duka, nina watoto, nina mume mwenye kisukari, na bado naamka. Umepata nafasi ya kupumzika, unaigeuza msiba!"

Malsuk akakaa kitandani polepole. Nywele hazijachanwa. Mimi nikajiandaa, maana nilimjua. Nikamtazama Sunnye kama mtu anayetazama chungu kilichokaribia kufurika.

"Umesema kweli, wifi," alisema Malsuk. "Hakuna kinachoniuma. Samahani."

Akalala tena. Sunnye akabaki mlangoni, mkono kwenye kitasa. Gangsik aliniambia baadaye kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomtisha kuliko kupungua kilo saba. Katika miaka thelathini ya ndoa mkewe hajawahi kuacha neno la Sunnye lianguke chini bila kulirudisha.

Hata hivyo hakujua afanye nini, na mimi sikujua. Februari nzima Malsuk alikuja kazini siku tatu kwa wiki, akakosa nne. Mama Chu alivumilia, kwa kuwa Malsuk alikuwa mfunguaji wake wa zamani. Malsuk alisimama mahali pake, macho kwenye chaza, na kuna wakati alishika gamba moja muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

Mwezi wa Machi alibadilika kidogo. Alikuja siku tano mfululizo. Alichana nywele. Alimpa Mama Chu koti lake zuri la baridi, akasema limembana. Alimpa jirani mitungi yake ya kimchi. Tukasema, afadhali, anasafisha nyumba, anapona. Asubuhi moja, wakati wa chai, alinisogelea akanipa kisu chake. Kila mmoja wetu ana kisu chake, na mpini wa Malsuk ulikuwa umezungushiwa kitambaa kilichokwisha chukua umbo la kiganja chake.

"Chukua, dada. Hicho chako kimechoka."

"Na wewe utatumia nini?"

"Kipo kingine."

Nilikichukua. Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Nilirudi mezani nikafungua chaza kwa kisu kile dakika ishirini hivi, nikistaajabia kinavyoingia, ndipo nikakumbuka koti. Kisha mitungi. Nikatazama kulia kwangu, hayupo. Buti zake hazipo. Nikauliza, mmoja akasema ametoka nje kuvuta hewa.

Nilimkuta nyuma ya banda, ameketi kando ya rundo la magamba, akitazama maboya baharini. Nikakaa karibu naye. Maisha yangu yote niliamini kwamba neno hili hulitaji, kwamba ukilitaja unamwonyesha mtu njia. Lakini sikupata neno lingine.

"Malsuk. Unafikiria kufa?"

Alinigeukia. Nilitarajia anikasirikie. Badala yake mabega yake yalishuka, kama mtu aliyeombwa aweke chini ndoo.

"Kila siku, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kimchi. Si kwamba nataka kufa sana. Nataka tu huku kuamka kuishe. Nikifungua macho tu, kabla sijakumbuka mimi ni nani, jiwe limeshakaa."

"Na leo? Leo ulitaka kufanya nini?"

Akarudisha macho kwenye maboya. Nikamshika mkono wa koti lake, nikauzungusha kwenye ngumi yangu kama mama anayemshika mtoto kando ya barabara. Kwa mkono wa pili nikampigia Gangsik. Nilimwambia aje sasa hivi, na kwamba nikikata simu asiniulize lolote, aje tu.

Alikuja na foklifti. Alikuwa na gari, limeegeshwa palepale gatini, lakini alisahau kwamba ana gari. Alipita nayo barabara kuu yote, magari yanampigia honi, akasimama mbele ya magamba, akashuka na kofia yake ngumu kichwani. Malsuk alimtazama mumewe, akaitazama foklifti.

"Umekuja kunibeba na hiyo?" akauliza.

Gangsik akakaa chini kwenye magamba akalia. Ndiyo mara ya kwanza mimi kumwona mwanamume yule akilia. Msibani kwa mama yake hakulia.

Siku hiyohiyo tulikwenda Jinju, sote watatu, kwa gari safari hii. Malsuk alikubali kumwona daktari wa akili kwa sharti moja, kwamba iwe mji ambao hatujulikani. Katika chumba cha kungojea alikuwapo mwanamke mmoja amejifunika uso kwa gazeti, na gazeti lenyewe amelishika juu chini. Tulipokaa, Malsuk alimchungulia, akamtambua. Alikuwa mke wa mwenye duka la nyavu, hapo mtaani kwetu. Hawakusalimiana. Lakini mwanamke yule alipoitwa, alipita mbele yetu akamwachia Malsuk peremende kwenye kiti.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, labda amempita Hyeonju miaka mitano. Hakuuliza habari za moto wala ini. Aliuliza analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anakula nini, ni kitu gani alichokuwa akikipenda na sasa hakipendi, na kama ana mpango wa kujidhuru, mpango gani. Aliuliza hilo la mwisho kwa sauti ileile aliyoulizia chakula. Malsuk alimjibu yote. Gangsik alikuwa anasikiliza huku anageuza kofia yake mikononi. Halafu daktari akataja jina la ugonjwa: sonona.

"Lakini daktari," Gangsik akasema, "mama amefariki miezi sita iliyopita, na wao wawili walikuwa hawapatani. Iweje amlilie hivi?"

"Sijasema anamlilia mama," daktari akajibu. "Miaka tisa hajalala usiku mzima. Mwili wake unabadilika kwa umri. Binti anaolewa. Mtu ambaye yeye alikuwa akimtunza kila saa hayupo tena, na kila mtu anamwambia afurahi. Inawezekana ni moja ya hayo, inawezekana ni yote, inawezekana kuna lingine. Hatuhitaji kulijua ndipo tuanze kumtibu."

Malsuk akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba majira yote ya baridi.

"Si uvivu?"

Daktari akatazama mikono yake, ile mikono yenye makovu ya magamba mpaka kwenye vifundo.

"Umefungua chaza miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Mvivu hawezi," alisema daktari, akaanza kuandika dawa.

Alituambia mambo matatu mazito. Dawa itachukua wiki kadhaa kabla haijafanya kazi, na mwanzoni madhara yatatangulia nafuu. Mgonjwa asiachwe peke yake wiki hizo, na vitu ambavyo mtu anaweza kujidhuru navyo viondolewe nyumbani. Na asiache dawa siku atakapojiona mzima. Tuliyatekeleza mawili ya kwanza. La tatu tulilikosea.

Hyeonju aliambiwa jioni ile kwa simu. Alikasirika, si kwa ugonjwa, bali kwa kufichwa. Alikuja na begi akakaa wiki sita. Tulipeana zamu, yeye, mimi na Gangsik. Kinywa cha Malsuk kilikauka, mikono ilimtetemeka, alisema dawa hizi zimetengenezwa na mtu anayewachukia wanawake. Gangsik alijifunza kupika. Supu yake ya kwanza ya mwani ilikuwa nyeusi, na nyumba nzima ilinuka wiki moja. Malsuk alionja kijiko kimoja.

"Mama yako angeitupa hii dirishani," alisema.

Tulitazamana mimi na Hyeonju. Ilikuwa wiki ya tano, na hilo lilikuwa tusi la kwanza tangu Oktoba.

Mwezi wa Mei alikuwa analala, anakula, anafokea televisheni. Akaona amepona, akaacha dawa bila kumwambia mtu. Katikati ya Juni jiwe lilirudi kwa kishindo, naye akarudi kitandani akiwa na haya kuliko mara ya kwanza. Gangsik alitaka kumgombeza. Mimi nilimwambia anyamaze awashe gari. Daktari hakumgombeza. Alisema wengi hufanya hivyo, akaanza naye upya, akamwongezea miadi ya mazungumzo kila wiki, na akamwagiza atembee kila siku mpaka mnara wa taa na kurudi, hata kama ni kwa kuburutwa. Nilimburuta mimi. Siku nyingine hatukusema neno kwenda na kurudi.

Habari zilifika kwa wakwe watarajiwa. Hyeonju mwenyewe ndiye aliyewaambia, kwenye chakula cha mchana, mbele ya mchumba wake. Harusi iliyokuwa ifungwe Oktoba ilisogezwa mpaka majira ya kuchipua. Kwa nini hasa, sikuuliza, na hakuna aliyenieleza. Ilifungwa, na walikula vizuri, na upande wa bwana harusi viti kadhaa vilibaki wazi.

Mwaka ulipotimia tangu bibi afariki, Sunnye alikuja kutoka Busan siku mbili kabla ya ibada. Hakuomba radhi. Alivaa aproni, akapika kila kitu mwenyewe, akilalamika kwamba jiko la nyumba hii halina moto na visu havikati. Wakati wa kuinama mbele ya meza, Malsuk aliinama akabaki hapohapo chini. Alilia kwa muda mrefu, kwa sauti, mpaka Sunnye akapiga magoti kando yake akaanza kumpigapiga mgongo, kama mtu asiyejua afanyeje. Malsuk alisema neno moja tu tulilolisikia: "Alikuwa ananiita Mama." Kama alimlilia bibi au alijililia mwenyewe sijui, na nilipomuuliza baadaye, yeye pia alisema hajui.

Msimu mpya ukaanza, akarudi mahali pake kulia kwangu. Asubuhi ya kwanza Mama Chu alimsubiri mpaka wote tumesimama mezani.

"Nasikia ulikuwa unakwenda Jinju kwa daktari wa vichaa," alisema, kwa sauti ya kushinda redio.

Visu vyote vikasimama. Malsuk akavua glavu, akaingiza mkono chini ya aproni, akatoa pakiti yake ya dawa akaiweka mezani katikati ya magamba.

"Nilikwenda. Bado naenda. Nyeupe ni ya asubuhi, hii ndogo ni ya jioni. Nani anataka kuonja?"

Kisha mmoja ng'ambo ya meza akaanza kucheka, na wa pili, na banda zima likacheka, na Malsuk akavaa glavu zake. Hakupata tena kasi yake ya zamani. Mimi watatu, yeye watatu, na imebaki hivyo mpaka leo.

Kabla majira ya baridi hayajaisha, wanawake watatu kati yetu kumi na mmoja walimfuata kwa nyakati tofauti, kwenye sinki la kunawia au njiani kurudi nyumbani, wakamuuliza kwa kunong'ona zahanati ile ya Jinju iko mtaa gani. Sitawataja. Nitasema tu kwamba mmoja wao ana sauti ya kushinda redio.

Imepita miaka minne. Malsuk anakunywa nusu ya kipimo cha mwanzo. Kuna siku, hasa mwezi wa Januari, humwambia mumewe tangu asubuhi, "Leo lipo," na Gangsik hamuulizi ni nini, anabaki nyumbani au ananipigia mimi. Siku hizo hupita. Hazipiti upesi kama tunavyotaka, lakini hupita.

Mwaka juzi daktari alimwambia atafute mazoezi yanayomfaa, na Malsuk akajiandikisha kwenye darasa la kuogelea la wanawake kwenye bwawa la manispaa, akaniandikisha na mimi bila kuniuliza. Sisi tumezaliwa pwani, tumekula vya baharini maisha yetu yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Mwalimu ni kijana mwembamba mwenye filimbi, na anamwogopa Malsuk, kwa sababu Malsuk anamsahihisha.

Jumanne iliyopita, kwa mara ya kwanza, alilivuka bwawa lote bila kusimama. Mimi nilifika katikati, nikasimama, maji kifuani, nikashika kamba.

"We Mama Taewon!" aliita kutoka ng'ambo. "Umegeuka boya?"

"Napumzika."

"Pumzikia huku!"

Wanawake wa njia zote sita waligeuka kututazama, na mwalimu akapiga filimbi.